Soja Alipokataa

Mtaani kwetu karibu kila geti lina kibao cha MBWA KALI. Ukielekea steji asubuhi utavihesabu mpaka uchoke, na vingine viko mahali ambapo hakuna mbwa hata wa kuchorwa. Sisi pia tulianza na kibao. Mbwa alikuja baadaye, baada ya mtu kuruka ukuta usiku na kuondoka na mtungi wetu wa gesi pamoja na suruali mbili zilizokuwa kwenye kamba. Mamangu akatafuta mtoto wa mbwa, akamwita Soja, akamkabidhi geti.

Soja hakuwahi kuwa soja. Anamchangamkia mwenye mkokoteni wa maji, anamchangamkia mtu wa taka, na nina hakika yule mwizi wa mtungi akirudi atapokelewa vizuri kabisa. Kwa miaka miwili mamangu alimwita hasara.

Kisha mimi nikaacha chuo, mwaka wa tatu, nikarudi nyumbani na begi moja na godoro. Sababu ya kwanza ilikuwa karo. Ya pili nitaisema mbele, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Wiki za kwanza kila aliyeingia kwetu alikuja na swali. Utarudi lini? Sasa utafanya nini? Si ungevumilia tu? Soja yeye aliingia chumbani, akaweka kidevu kwenye ukingo wa kitanda, akakaa hapo. Wakati mwingine saa nzima. Hakuna aliyemfunza. Nakumbuka siku moja nilimwekea mkono kichwani, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimebana meno tangu asubuhi.

Jirani yetu ni nesi mstaafu. Jumamosi hujitolea kwenye nyumba moja ya wazee, si mbali na kwetu. Alimkuta Soja amelala miguuni pangu akasema, "Huyu mnamweka kwa geti bure. Mlete kwa wazee." Nilicheka. Mbwa, kwa wazee? Lakini usiku huo niliingia kwenye simu kusoma, nikakuta kazi hiyo ina historia.

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, mbwa mdogo wa kike asiyefika kilo mbili aliokotwa ndani ya handaki huko New Guinea. Mwanajeshi Mmarekani, Bill Wynne, alimnunua kutoka kwa mwenzake kwa pauni mbili za Australia na kumwita Smoky. Wynne alipolazwa kwa homa ya dengi, marafiki walimpelekea Smoky hospitalini, na manesi wakaanza kumzungusha kwa majeruhi wengine. Wengi humhesabu kuwa mbwa wa kwanza wa tiba anayejulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York aliwasimulia wenzake jinsi mtoto aliyekuwa amejifungia moyoni alivyoanza kufunguka baada ya kukutana na mbwa wake, Jingles. Wengine wao walimcheka.

Smoky na Jingles hawakuandaliwa kwa kazi hiyo. Ilitokea tu, kama ilivyotokea chumbani kwangu. Mafunzo yalikuja baadaye, ili kile kilichotokea kwa bahati kiweze kutokea kila Jumamosi saa nne. Hapo ndipo swali langu linaanzia. Kitu kilichotolewa kwa hiari, ukikipangia ratiba, kinabaki kile kile?

Wakati huo sikujiuliza. Nilikuwa na mradi, na mtu aliyeacha chuo hupenda sana mradi. Kwanza tulikwenda kwa daktari wa mifugo, Soja akadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha tukaanza. Nilichemsha maini, nikayakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Akikaa, kipande. Akiacha mkate ulioanguka chini, kipande. Kipande lazima kije papo hapo, sekunde moja au mbili, la sivyo hajui amelipwa kwa lipi. Mamangu aliangusha vifuniko vya sufuria ili Soja azoee kelele. Alitembea uani akikokota mguu na kugonga chini na ufagio badala ya bakora, na alifurahia uigizaji huo kuliko alivyokubali. Kiti cha magurudumu hatukuwa nacho, tukatumia wilibaro. Kidevu gotini hakikuhitaji somo. Nilichofanya ni kukipa jina. Nikisema "pole," Soja anaweka kidevu gotini.

Miezi mitano ikapita hivyo. Katika kusoma nilikutana pia na ukurasa baada ya ukurasa kuhusu jinsi mbwa anavyosema hapana. Hupiga miayo bila usingizi. Hujilamba midomo bila chakula. Hugeuza kichwa. Weupe wa jicho huonekana pembeni. Hujikung'uta kama aliyetoka majini, na yuko mkavu. Shirika la Pet Partners la Marekani haliruhusu mnyama afanye ziara kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, na linapopima linampima mnyama pamoja na anayemshika kamba. Niliyasoma hayo yote kama nilivyokuwa nikisomea mtihani. Nikaelewa, nikafunga.

Ziara za kwanza zilikwenda vizuri hadi nikaanza kujiona. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa mabasi ya masafa zamani, ambaye manesi walisema haongei. Soja alimwekea kidevu gotini. Mzee akashika sikio lake, akalisugua kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa, halafu akaanza kusimulia kuhusu mbwa wa stendi ya Nakuru aliyekuwa akilingoja basi lake kwa sababu ya mifupa. Alisimulia dakika ishirini. Nesi mmoja alitoka nje kufuta macho.

Jumamosi ya nne walikuja wageni, kikundi cha watu wazuri wenye keki na simu. Kila mmoja alitaka picha. Joto lilikuwa kali na chumba kimejaa. Soja akapiga miayo. Nikaona. Akajilamba midomo, akageuza kichwa ukutani. Nikaona pia. Akasimama kutaka kwenda mlangoni, nikamwambia "kaa," naye akakaa, kwa sababu nilikuwa nimemfunza vizuri. Mama mmoja akainama kumkumbatia shingo. Weupe wa jicho ukatokea, nikasema "pole," na Soja akanguruma.

Haikuwa kelele kubwa. Lakini chumba kizima kilinyamaza, na mimi, kwa aibu, nikampiga puani. Nyamaza! Akalala chini, masikio nyuma.

Yule dereva alikuwa akitutazama muda wote. Akasema, bila hata kuinua sauti, "Huyo abiria ameomba kushuka tangu saa nne."

Wanaofunza mbwa wana onyo wanalolirudia. Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Ukifaulu, hujaondoa hofu wala hasira, umeondoa kengele tu. Siku nyingine atauma kimya, na watu watasema ameuma ghafla, bila sababu.

Tulipokuwa tukirudi, jirani alinipa moyo kwa njia yake. "Usijisumbue. Wale wazee wengine hawatembelewi na mtu mwezi mzima. Mbwa akichoka saa moja, kuna shida gani? Krismasi si tulichinja mbuzi? Mbuzi tulimuuliza?"

Hilo ni swali la kweli, na sitalikwepa kwa kujifanya mtakatifu. Nyama nakula. Deni letu kwa mbuzi ni kubwa na insha hii haitalilipa. Lakini kuna tofauti moja. Kwa mbuzi tulichukua nyama na tukasema ni nyama. Hatukuwaambia wageni kwamba mbuzi anawapenda. Soja nilimpeleka kwa wazee nikisema, "Anawapenda sana." Ndiyo ilikuwa zawadi yenyewe. Yule dereva hakufunguka kwa sababu ya manyoya, maana blanketi pia lina manyoya. Alifunguka kwa sababu kiumbe kingine kilimchagua. Sasa nikisema Soja anachagua, lazima pia akiweza kutochagua, niheshimu. La sivyo nawauzia wazee kitu ambacho sina.

Mwanafalsafa Immanuel Kant nilikutana naye kwenye somo la lazima la maadili, mwaka wa kwanza, saa moja asubuhi, nusu ya darasa wamelala. Yeye aliwafundisha wanafunzi wake kwamba anayemtesa mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu, na baadaye ugumu huo huwafikia watu. Hata mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa muda mrefu, alisema, anastahili kutunzwa akizeeka. Ni maneno mazuri. Lakini kwa hesabu ya Kant, kosa langu la Jumamosi ile ni kwamba nilijiharibu mimi na huenda nikawaharibia watu. Kwa Soja mwenyewe sidaiwi chochote. Mimi niliona jicho lake. Nilijua ninadaiwa na nani.

Kuna mwingine, Emmanuel Levinas, Myahudi wa Ufaransa, aliyetekwa mwaka 1940 akiwa mwanajeshi na kuzuiliwa kambini Ujerumani. Katika insha ya mwaka 1975 anakumbuka jinsi watu walivyowatazama yeye na wenzake kana kwamba si watu. Kisha kwa wiki chache akatokea mbwa, wakamwita Bobby. Wafungwa wakirudi kutoka kazini, Bobby aliwarukia na kubweka kwa furaha. Kwake hakukuwa na shaka kwamba hawa ni watu. Baadaye walinzi wakamfukuza.

Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kwamba Bobby hakutumwa. Angeweza kwenda zake. Fikiria walinzi wangemfunga mnyororo pale getini ili abweke kila jioni. Sauti ingekuwa ile ile, na isingekuwa na maana yoyote.

Sasa ile sababu ya pili.

Chuoni nilikuwa yule mtu wa kuongeleshwa. Kila hosteli ina mmoja. Mlango unagongwa saa saba usiku, mtu ameachwa, mtu amefeli, mtu baba yake ni mgonjwa. Nilichemsha chai, nikasikiliza. Nilipenda, sitadanganya. Ukisikia "wewe ndiye pekee unanielewa" mara ya kwanza, unajihisi mtu wa maana. Ukiisikia mara ya arobaini, kesho yake una mtihani na karo haijalipwa, unaanza kupiga miayo. Niligeuza kichwa kwa njia zangu. Nilizima taa mapema. Nilichelewa kujibu meseji. Wakasema, "Wewe ni wa nguvu bana, utapona."

Usiku mmoja rafiki yangu aliyefiwa aligonga, na nilimfokea kupitia mlango uliofungwa. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake habari ilienea kwamba nimebadilika, nina roho mbaya. Hakuna aliyeuliza niliomba kushuka tangu lini. Na kusema haki, sikuwahi kuomba kwa maneno. Nilitarajia wanisome, nami nilikuwa nimejifunza kukaa nikiambiwa kaa. Muhula uliofuata sikurudi.

Ndiyo maana ile Jumamosi iliniuma hivyo. Mtu aliyeumizwa kwa kunyimwa hapana yake, akipewa kamba mkononi, alifanya vile vile, na akapiga juu yake. Maumivu hayakuwa yamenifunza chochote. Yalikuwa yamenifanya nijihurumie tu.

Hatukuacha kwenda. Nilifikiria kuacha, lakini Soja akiona ile kamba ya bluu bado huzunguka miguu yangu kwa furaha, na kumkatalia bila kumuuliza ingekuwa kosa lile lile limevaa nguo nyingine. Tulibadilisha mambo kadhaa. Tunakaa dakika arobaini. Picha hakuna. Neno "pole" nimelistaafisha. Soja akitaka kuweka kidevu, ataweka. Anayemgusa anamgusa kwa sekunde tatu, kisha anaondoa mkono. Soja akisogea karibu, endelea. Akibaki alipo au akigeuka, basi. Wazee wameipenda sheria hiyo kuliko nilivyodhani. Wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, halafu wanangoja kama watoto wanaosubiri matokeo.

Na wao pia tunawauliza. Kuna shosho mmoja kutoka Lamu, Mwislamu, ambaye hataki mate ya mbwa yafike kwenye nguo anazoswalia. Zamani tulipita naye karibu tukisema "hana neno huyu." Siku hizi Soja hapiti upande wake kabisa. Shosho humsalimia kutoka mbali, kwa mkono, na jirani anasema hiyo ndiyo salamu ndefu kuliko zote anazotoa.

Jumamosi iliyopita Soja alifika hadi mlangoni, akaangalia ndani, akarudi kulala kwenye kivuli karibu na mfereji. Sikumwita. Niliingia peke yangu, mikono mitupu, nikihisi nimekuja harusini bila zawadi.

"Abiria yuko wapi?" dereva akauliza.

"Leo hapandi, Mzee."

Akaangalia dirishani, akamwona amelala. "Basi keti wewe."

Nikaketi. Hakuniuliza nitarudi chuo lini. Alinisimulia jinsi ukungu wa Timboroa ulivyokuwa unamlazimu asimamishe basi saa tisa usiku, taa zimewashwa, abiria wote kimya, mpaka barabara ionekane tena. Saa tano ilipofika nilimwambia nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Sikuongeza sababu. Nilikuwa na moja tayari mdomoni, nikaimeza.

"Sawa, mtoto wangu," akasema. "Shuka salama."