Viatu Vingoje, Mwanangu

Sikukatazi, mwanangu. Hizo pedali zinazonasa kiatu ni kitu kizuri, na mwenye kuzizoea hataki tena kurudi kwa zile za kawaida. Ninachokuomba ni ungoje tu. Najua neno hilo vijana hamlipendi. Nimewaambia kaka zako, nikawaambia na wenzao, na leo ni zamu yako. Keti.

Umenionyesha kwenye simu viatu vyeupe, miwani na jezi ya kubana. Baiskeli hukunionyesha. Hapo ndipo ninapochoka, maana kila anayekuja huanzia miguuni.

Pesa yako ni kidogo, kwa hiyo utanunua mtumba, na hilo si la kuonea haya. Pale Kikuyu, David Kinjah amelea vijana wake wa Safari Simbaz kwa baiskeli za kuungaunga miaka nenda miaka rudi. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na Kinjah huyo huyo akiwa mtoto, kisha akaja kutwaa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Basi usimwachie muuzaji akutishe kwa jina lililoandikwa kwenye fremu.

Ila mtumba hukaguliwa. Nenda na rula ya inchi. Weka sifuri kwenye pini moja ya cheni, hesabu pini 24 kwenda mbele. Ya mwisho inatakiwa ikae kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imekwisha. Ikipita kwa 1/8, basi hata meno ya gia yameshaliwa, na hapo ama bei ishuke sana ama uondoke. Tazama rangi pale mabomba ya fremu yanapoungana, kama ina ufa. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Hapa kwetu Mombasa chunguza kutu zaidi kuliko mtu wa bara, kwa sababu chumvi ya bahari haina simile na chuma. Na fremu iwe ya kimo chako. Breki hubadilishwa, tairi hubadilishwa, lakini fremu kubwa mno hakuna fundi atakayekupunguzia. Siti ipandishe hadi kisigino kikikaa kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, litabaki na mkunjo kidogo, nao unatosha.

Helmeti nunua mpya. Hiyo sikubali mtumba hata ukinililia, kwa kuwa lile povu gumu la ndani hubonyea mara moja tu, na aliyeivaa kabla yako hutajua kama aliangukia kichwa. Usiniambie wewe huanguki. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa mwendeshaji aliyekomaa kuliko sisi sote, na bado alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni huko Vermont, Marekani. Mungu amrehemu.

Kaptula yenye pedi nayo si anasa. Huvaliwa bila chupi ndani, usione ajabu, mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ukiona haya kuwapita wazee barazani umebanwa hivyo, vaa kaptula pana juu yake. Ongeza tyubu ya akiba, pampu na vijiti vya kubandulia tairi. Miwani hata sitaki kuizungumzia.

Sasa tuje kwenye pedali zako. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vinasio vya viatu vya kuteleza juu ya theluji, ndiyo iliyozitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nazo Tour de France. Kabla ya hapo waendeshaji walikuwa wakijifunga miguu kwa mikanda ya ngozi, na kuifungua ilibidi wainame. Kwa hiyo kunasa si jambo jipya. Jipya ni kunasuka kwa kugeuza kisigino nje. Huko kunasuka ndiko kusikokuwemo kwenye zile picha zako.

Siku ukizinunua, chukua za mtindo wa SPD wa Shimano wenye skrubu mbili, usichukue zile za mbio zenye tatu. Kichuma cha kiatu kinachonasa kwenye pedali hukaa ndani ya soli, unaingia dukani ukatoka vizuri. Zile nyingine zitakutembeza kama mbuzi juu ya marumaru. Ulizia kichuma kiitwacho SH56, huachia mguu kwa pande nyingi, ndicho kinachomfaa anayejifunza. Legeza springi kwa alenki ya milimita 3 hadi mwisho wa kulegea. Kichuma kikae chini ya ule unene wa unyayo nyuma ya vidole, kielekee unakoelekea mguu wako ukisimama kawaida. Ukikipindisha, goti litakudai. Na tafadhali, pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Nimechoka kuona krenki zilizoliwa nyuzi na wenye nguvu nyingi.

Jifunze ukiwa umeshika ukuta, kisha nenda kwenye nyasi. Nasa, nasua, nasa, nasua, mpaka mguu ufanye bila kuuambia. Mguu wa kwanza kuutoa uwe wa kushoto, na uutoe kabla hujasimama. Sisi huenda upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo ukiangukia kushoto unaangukia vumbi, ukiangukia kulia unaangukia lori. Matatu ikikatiza mbele yako pale Kongowea na miguu yote miwili imenasa, hutapata nafasi ya kukumbuka video uliyotazama.

Kwa hivyo miezi ya mwanzo endesha na pedali za kawaida na raba zako hizo hizo. Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijajaa barabarani, tutakwenda hadi Mtwapa na kurudi. Uje na maji, na upepo wa tairi uutie usiku, usinigongee mlango kuomba pampu.