Deni la Makaya

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Usemi huu twaukariri madarasani. Lakini ni mara chache tunajiuliza ni nani anayebeba gharama za yule asiyeiacha mila, anayeilinda kwa faida yetu sote.

Tuyatazame makaya ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya. Kaya ni msitu unaozunguka mahame ya mababu. Watu walikwisha kuhamia nje, lakini wazee walikataza miti isikatwe wala mifugo isilishwe humo. Kwa katazo hilo, miti, mitishamba na makaburi vilihifadhika pamoja, bila fungu lolote la serikali. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuyalinda makaya kwa sheria, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 ikaziorodhesha mila za makaya miongoni mwa zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Msitu ulikwisha kupata ulinzi, lakini elimu iliyoutunza ilikuwa inafifia.

Hali ya vigango yatuonya zaidi. Wagiriama huchonga kigango kwa mti mgumu na kumsimikia marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Hakiondolewi, huachwa mpaka kioze. Hata hivyo vingi vimeibwa, mara nyingine na vijana wa papo hapo, vikauzwa kama vinyago hadi katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kwa wenyewe mwaka 2007.

Wizi ni wizi, na hauna utetezi. Lakini kijana yule alikuta soko linalokipa kigango bei, wala hakukuta shule wala ofisi iliyomfundisha thamani yake.

Wako wanaohofu kwamba fedha zitaiharibu mila: mzee atageuka mwajiriwa, na ibada itakuwa ngoma ya watalii. Hofu hiyo ni ya haki. Heshima hainunuliwi. Lakini fedha zaweza kumlipa mlinzi wa msitu, kuotesha miche, na kumwezesha kijana kukaa na mzee akajifunza bila kulala njaa. Sharti ni moja: wazee washauriwe kwanza, na kauli yao kuhusu lililo siri na lililo wazi iheshimiwe.

Basi fungu la namna hiyo tusiliite msaada. Wazee wamekwisha kutulindia msitu kwa karne kadhaa, nasi hatujawalipa.