Teksi, Vikaratasi na Haki ya Asiyekuwepo

Ndugu msomaji, nina swali moja: kosa la mwenzako likisemwa kwa mfano, katikati ya mchezo na kicheko, je, huko bado ni kusengenya?

Naliuliza kwa sababu ya mtindo ulioenea miongoni mwetu tunaosoma kompyuta. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Utah, Marekani, wakaandika ilani yao, na moja ya kanuni zake 12 inataka kila kikundi kisimame mara kwa mara, kijitazame na kurekebisha mwenendo wake. Siku hizi vikao hivyo vya tathmini huvalishwa sura. Wengine huchora jahazi: upepo ni kilichotusukuma, nanga ni kilichotukwamisha. Sura husaidia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa mbele ya kaka zake wa mwaka wa nne ataandika "nanga" kwenye kikaratasi kabla hajathubutu kusema kwamba uongozi ulilegea. Wala si mambo ya kitoto. Imamu al-Ghazali alipoeleza muhasaba katika Ihya, alimchora mtu kama mfanyabiashara anayekaa jioni na mshirika wake: faradhi ni mtaji, sunna ni faida, na maasi ni hasara. Tofauti ni kwamba mshirika yule ni nafsi yake mwenyewe.

Kikundi chetu cha watu saba kilipomaliza programu ya kusajili michango ya futari, tulikaa katika chumba cha kuazima hapa Bukoto, na badala ya jahazi tukachagua teksi. Ilitufaa. Aliyewahi kupanda teksi ya kwenda mjini jioni anajua kwamba kila kitu kimo ndani yake: dereva, konda, mafuta, mashimo, foleni, na yule abiria anayelalamika nauli imepanda kana kwamba konda ndiye anayechimba petroli. Vikaratasi vikajaa ukutani. Foleni ikawa mitihani, mashimo yakawa bando kuisha. Kisha kikabandikwa kimoja: "Abiria aliyeshukia Kamwokya bila kulipa." Chumba kizima kikacheka. Jina halikutajwa, na hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mwenzetu mmoja alijitoa kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia, na nywila za mfumo zikabaki naye wiki nzima huku watu wakisubiri futari. Siku ya kikao hakuwepo.

Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba ghiba ni kumtaja ndugu yako kwa lile analolichukia. Alipoulizwa, na je likiwa la kweli, alijibu kuwa hiyo ndiyo ghiba yenyewe. Likiwa la uongo, umemzulia. Al-Ghazali anaongeza kuwa ghiba haikai ulimini tu. Hata ishara, kuigiza na maandishi vinaingia humo. Kwa kipimo hicho sioni fumbo lilikiokoa vipi kikaratasi chetu. Naona hata liliongeza uzito. Mwenye kushtaki waziwazi anaweza kuulizwa ushahidi. Mwenye kutania ukimuuliza atakuambia huna ucheshi.

Lakini dada aliyeshika hesabu zetu alikuwa na hoja ambayo siwezi kuipita. Zile zilikuwa pesa za watu, alisema, nazo ni amana. Tukinyamaza kwa jina la kusitiriana, mwakani kikundi kingine kitampa mtu mmoja funguo zote na yaleyale yatarudi. Ni kweli. Wanazuoni wenyewe, an-Nawawi akiwamo, wameruhusu kutaja aibu ya mtu pale penye haja ya kisheria, kama kushtaki dhuluma au kutahadharisha watu, kwa kadiri ya haja hiyo. Sasa haja yetu ilikuwa nini? Kwamba nywila zishikwe na watu wawili, na anayetaka kujitoa akabidhi kwanza. Hayo yangesemwa yote bila kumshusha mtu Kamwokya.

Nimekuwa nikirudi Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr na kuamriwa wasiondoke. Wengi wao waliteremka walipoona ngawira, adui akapita nyuma, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Tathmini ya siku ile imo katika Sura Aal Imran, na haifichi kitu: walilegea, wakazozana, wakaasi, na wamo waliotaka dunia. Hata hivyo hakuna mpiga mshale mmoja anayetajwa jina. Wanasemeshwa wote pamoja, waliokimbia na waliosimama. Kisha inakuja aya ya 159, ambamo Mtume anaamriwa awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo.

Hilo la tatu ndilo linalonisimamisha. Kutoka Madina kwenda Uhud kwenyewe kulitokana na mashauriano. Mtume alipendelea wabaki mjini, na wengi wakataka kutoka. Baada ya maafa yale, kiongozi yeyote wa siku hizi angefunga mlango wa baraza. Badala yake waliokosea wanarudishwa barazani.

Mradi wa mwakani utaanza kupangwa Shaaban. Nimependekeza kwa wenzangu kwamba yule ndugu yetu aulizwe kwanza faraghani ni kitu gani kilimtoa, maana mpaka leo hakuna aliyemuuliza, kisha aitwe akae nasi kwenye mashauriano. Wawili wamekubali, akiwamo dada wa hesabu, kwa sharti kwamba nywila hatashika peke yake. Wawili wamekataa. Aliyeandika kile kikaratasi bado hajajibu.