Kuua Bila Kukusudia

Mei 2014 nilikesha kwenye benchi la hospitali moja, kazi yangu ikiwa kusubiri idadi ya waliokufa. Pombe yenye methanoli ilikuwa imeua zaidi ya watu 60 Embu, Kiambu na kwingineko nchini Kenya. Mzee mmoja alikuwa akiuliza mbona taa zimezimwa. Taa zilikuwa zinawaka.

Usiku ule ndipo nilipojua kwamba mtu aliyekunywa methanoli anaweza kutibiwa kwa pombe ya kawaida. Ini huishughulikia hiyo kwanza, na methanoli ikatoka mwilini kidogo kidogo kabla haijageuka sumu kali. Yaani kilichomtenga yule mzee na macho yake ni aina ya pombe aliyoimudu, wala si kunywa kwenyewe.

Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Ikaendelea kupikwa mtoni, usiku, kama kawaida. Mwaka 2000 kumi kumi ikaua zaidi ya watu 100 Nairobi. Wabunge walipopitisha Sheria ya Mututho mwaka 2010, waliihalalisha chang'aa ili itoke gizani, ikaguliwe. Nia njema, sibishi. Ila sheria hiyohiyo ilidai leseni, na ikakataza pombe kuuzwa katika chupa ya chini ya mililita 250, ili kijana asilewe kwa sarafu za mfukoni. Sasa mwenye sarafu tu afanyeje? Alibaki na glasi yake, na aliyemmiminia akabaki kulekule gizani, hana wa kumkagua.

Dereva akigonga mtu hatuishii kumuuliza kama alikusudia. Tunauliza kama aliona barabara ina watu. Mbona mtunga sheria tunampima kwa nia peke yake?

Rafiki yangu wakili hunikatiza hapo: methanoli iliwekwa na mfanyabiashara mwenye tamaa, si Bunge. Kweli. Tena mimi si mtetezi wa pombe ya bei ya pipi. Nimezika binamu wawili waliomalizwa na chupa zenye stempu zote za ushuru. Kwa hiyo sina jibu la kumshinda. Nilimwuliza tu, waliokufa 2000 walikuwa wananunua kwa glasi, na kila mtu alijua. Miaka kumi baadaye, ile glasi iliandikiwa kifungu gani?

Alisema atanitafutia. Bado namsubiri.