Daktari ni wa Nani?



Hapa kambini, mtoto akifaulu vizuri, majirani huchanga ili aendelee na masomo. Ndipo linapokuja swali: elimu atakayoipata ni mali yake, au ni ya wale waliomtuma?

Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzisha shule ya afya katika kisiwa cha Leyte. Madaktari wengi wa nchi ile walikuwa wakihamia ng'ambo, na vijiji vikabaki bila mganga. Shule hiyo iliweka utaratibu kwamba mwanafunzi achaguliwe na jamii yake mwenyewe. Huanza kwa kusomea ukunga, kisha hurudi kijijini kuhudumu. Jamii ikiridhika naye, humtuma tena apande ngazi ya uuguzi, na baadaye udaktari. Hata akiishia katikati, hakuna hasara, maana kijiji kimekwisha kupata mkunga au muuguzi.

Wengine watasema huko ni kumfunga mtu. Hoja hiyo ina uzito. Mtu si mbuzi wa kufungwa kamba, na sisi tuliokimbia tunajua kwamba kuna siku kuondoka ni kuokoa maisha. Tena deni lina pande mbili. Kijiji kinachodai huduma nacho kinadaiwa nyumba, chakula na heshima. Daktari akiachwa peke yake bila dawa wala mshahara, tusiharakishe kumwita msaliti.

Lakini sisi hatuna kijiji cha kumrudisha mtu. Wengine watarudi nyumbani, wengine watakwenda nchi ya tatu, wengine watabaki hapa. Je, kijana wetu amlipe nani? Tunaona hivi: Msamaria wa Luka 10 hakuuliza majeruhi ametoka kijiji gani. Aliyesomeshwa kwa michango ya maskini anadaiwa na maskini aliye mbele yake, popote atakapokuwa.

Basi, wazazi, tunapochagua mtoto wa kumchangia, tusitazame alama peke yake. Tuulize pia: usiku mama mjamzito alipobebwa kwa machela, huyu aliamka kusaidia, au alijifunika blanketi? Naye akishaondoka, tumwandikie barua hata siku ambayo hatuna shida ya fedha.

Bwana awabariki.