Mwenye Kuchagua Vitabu vya Watu Wote

Watu wa kijiji wakirudi mawindoni, mmoja wao hupewa kazi ya kugawa nyama. Akiwapa ndugu zake mapaja na wengine mifupa, watu hunung'unika, kwa maana nyama si yake, ni ya wote.

Katika nchi nyingi kuna maktaba zinazolipwa kwa kodi ya raia. Tajiri na maskini huazima humo vitabu. Lakini fedha ni chache na vitabu ni vingi mno; ni lazima mtu achague. Kuchagua si kosa. Je, ni haki achague vile tu vinavyopatana na siasa anayoipenda yeye?

Mfano watoka Marekani. Katika mji wa Bartlesville, jimbo la Oklahoma, Bibi Ruth Brown alitunza maktaba ya mji kwa miaka 30. Alitaka watu weusi watendewe sawa na weupe. Mwaka 1950 aliingia pamoja na walimu wawili weusi katika duka walimokula weupe tu, nao hawakupewa chakula. Wenyeji wengine walikasirika. Lakini shitaka walilolitoa lilihusu maktaba: eti ina magazeti ya kueneza ukomunisti. Mwezi wa Julai mwaka uleule Bibi Brown alifukuzwa kazini.

Hata hivyo, kosa hili si la wenye mamlaka peke yao. Mtunza vitabu mwenyewe aweza kulitenda kimya kimya. Akichukia chama fulani, hana haja ya kuchoma vitabu vyake, yatosha asivinunue. Hapana moshi wala kelele, na msomaji hatajua kamwe amenyimwa nini.

Mwaka 1953 Lester Asheim, aliyewafundisha watunza vitabu huko Chicago, alieleza tofauti iliyopo. Mchaguzi mwema hutafuta sababu ya kukipokea kitabu. Mwenye kuzuia hutafuta sababu ya kukikataa.

Je, basi haki yadai kila kitabu kipokewe? Sivyo. Kitabu kinachodanganya watu juu ya dawa chaweza kukataliwa kwa sababu ya uongo wake, wala si kwa sababu ya chama cha mwandishi. Lakini mizani iwe moja. Uongo wa rafiki ni uongo, na maneno ya kweli ya mpinzani ni kweli.

Kwa hiyo mwenye kuchagua, kabla ya kukiweka kando kitabu, aiulize dhamiri yake: «Kama kitabu hiki kingeandikwa vivyo hivyo na mtu wa upande wangu, je, ningekikataa?» Jibu likiwa «Hapana», basi ameanza kuwagawia ndugu zake mapaja.