Mgeni Aliyeliwa

Katika kisiwa cha Cyprus kuna kitoweo kiitwacho ambelopoulia: ndege wadogo waimbao, waliochemshwa au kuchomwa, huliwa wazima pamoja na mifupa. Hunaswa kwa nyavu na vijiti vilivyopakwa ulimbo. Sheria ilipiga marufuku mitego hiyo mwaka 1974, lakini ndege bado huuzwa kwa siri, tena kwa bei kubwa.

Watetezi husema ni urithi wa mababu. Ni kweli. Mkulima wa zamani alikuwa na mkate, zeituni na kunde. Nyama ilikuwa adimu, na ndege walipita kila msimu. Simlaumu. Lakini mjukuu wake anakula bila njaa. Amerithi mtego, hakurithi shida iliyoutega. Je, huo ni urithi ule ule?

Na ndege ni wa nani? Anayewindwa zaidi, ambaye dume lake lina utosi mweusi, hutoka Ulaya, hupumzika Cyprus, na wengine hukimbilia nyanda za juu za Afrika Mashariki kukwepa baridi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani mwenyeji alipona kweli. Leo haumwi, na mgeni bado anakufa.